Silinda ya nne: uchambuzi wa ukaguzi wa injini ya Subaru STI iliyotumika

Gari lilikuwa Subaru Impreza WRX STI la mwaka 2006, lenye injini ya EJ257: lita 2.5, silinda nne zilizolala kwa ubavu, mbili kila upande, na tabo moja, yaani kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini. Mnunuzi alikuwa ameshalipenda kabla hajaniita. Alichotaka kwangu ni neno moja, ndiyo au hapana, na mkononi alikuwa na karatasi aliyopewa na muuzaji: kipimo cha kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaijenga injini ikizungushwa, kilichofanywa na fundi mwingine miezi michache nyuma. Psi 150, 148, 150, 145. Kwa macho ya mtu wa kawaida, na hata ya mafundi wengi, injini yenye namba hizo ni nzima.

Naandika kisa hiki kwa sababu ya karatasi ile. Sina sababu ya kudhani namba zake zilikuwa za uongo. Tatizo ni kwamba kipimo cha kompresheni kikisimama peke yake hakiwezi kubeba uamuzi wa kununua injini ya aina hii, na watu wengi wanalipa kwa kukitegemea.

Kwanza tuelewe injini yenyewe. Kipenyo cha silinda ni milimita 99.5, mwendo wa pistoni milimita 79, na uwiano wa mgandamizo ni 8.2 kwa 1. Ikitoka kiwandani hutoa nguvu za farasi kati ya 280 na 300 kulingana na soko. Pistoni zake ni za kumimina, yaani zimetengenezwa kwa kumimina metali iliyoyeyuka kwenye kalibu, za aloi ya alumini yenye silikoni nyingi. Aloi hiyo haitanuki sana kwa joto, kwa hiyo pistoni inakaa vizuri ndani ya silinda, lakini haivumilii mapigo. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukilipuka wenyewe kabla mwali wa plagi haujaufikia, yaani detonesheni, pigo lake linatua juu ya pistoni, na sehemu dhaifu kuliko zote ni ule ukuta mwembamba ulio kati ya mfereji wa ringi ya kwanza na wa ringi ya pili, zile pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda. Ukuta huo ukipasuka, gari halizimiki njiani. Linaendelea kutembea, linavuta, na linaweza kuuzwa.

Nilimwomba muuzaji jambo moja kabla ya siku ya ukaguzi: gari lisiwashwe asubuhi hiyo. Alitii. Niliweka mkono juu ya kinga ya tabo na juu ya rejeta, kote baridi. Nashukuru kwa hilo, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla hujafika imeshaficha nusu ya maneno yake.

Ilipowaka ilitoa moshi wa bluu kwa sekunde chache, kisha ikatulia. Hapa ni rahisi kumhukumu mtu bure. Silinda za injini hii zimelala, kwa hiyo oili kidogo inaweza kubaki upande wa chini wa silinda gari likiwa limeegeshwa, na moshi mdogo wa asubuhi si kosa peke yake. Kulikuwa pia na mlio mwepesi wa chuma kugonga uliopotea injini ilipopata joto. Huo nao ni wa kawaida kwa pistoni baridi inayocheza kidogo ndani ya silinda. Mlio wa kuogopa ni ule unaoongezeka injini inavyopata moto na unaopiga kwa uzito ukiongeza mafuta. Huo ni wa beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, na hapa haukuwepo.

Kilichonisimamisha ni kijiti cha oili. Oili ilikuwa safi, rangi ya asali, na muuzaji alikuwa na risiti ya kuibadilisha wiki tatu kabla. Hata hivyo ilikuwa imeshuka karibu na alama ya chini. Chini ya gari hapakuwa na tone. Oili haipotei, inaenda mahali: inavuja nje, inaingia kwenye maji, au inachomwa. Maji yalikuwa safi, hayana utelezi wala harufu. Ikabaki njia moja. Inawezekana pia kwamba aliyeibadilisha hakuijaza hadi juu, na ndiyo maana sikusema neno wakati huo. Niliandika tu kwenye daftari.

Baada ya hapo nikaunganisha kifaa cha kusoma kompyuta ya injini. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu kwenye Impreza ya kizazi hiki huwezi kufikia plagi za upande wa kushoto kwa raha bila kutoa betri, na ukitoa betri unafuta kila kitu ambacho kompyuta imejifunza kuhusu injini. Fundi anayekimbilia plagi kwanza anachoma ushahidi kwa mikono yake mwenyewe.

Hapakuwa na msimbo wowote wa hitilafu. Lakini vipimo vya utayari, yaani majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe kuhusu katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi), sensa za oksijeni na mfumo wa mvuke wa petroli, vingi vilikuwa havijakamilika, na masahihisho yaliyojifunzwa yalikuwa karibu matupu. Maana yake ni kwamba kumbukumbu ilifutwa siku za karibuni. Muuzaji alieleza kwamba alibadilisha betri, na betri kweli ilikuwa mpya. Nilimwamini. Kuamini maelezo ya mtu hakurudishi taarifa iliyopotea, kwa hiyo ilibidi tuitafute upya barabarani.

Tuliendesha taratibu mpaka oili, siyo maji peke yake, ikawa na joto la kutosha. Maji hupata moto mapema sana kuliko oili, na anayekanyaga mafuta kwa kutazama kipimo cha maji tu anaikandamiza injini ambayo haijawa tayari. Kisha, kwa ruhusa ya muuzaji, nikiwa gia ya tatu kutoka mizunguko 2,500, nilikanyaga hadi chini huku kompyuta ikirekodi.

Mambo mawili yakajitokeza. Presha ya tabo, ambayo kiwandani hufika takriban bar 1, ilipanda hadi bar 1.25. Na kila ilipofika katikati ya mizunguko, kompyuta ilirudisha nyuma wakati wa kuwasha plagi kwa digrii nne hivi. Sensa ya mapigo iliyofungwa kwenye bloku ilikuwa inasikia kitu. Nilirudia mara moja, ikatokea palepale, nikaacha. Kuendelea kuisukuma injini ya mtu inayolalamika namna hiyo ni kumharibia mali.

Tuliporudi nilifungua boneti upya na kutazama kwa macho mengine. Chujio la hewa la kiwandani lilikuwa limeondolewa, pamewekwa bomba pana lenye chujio la koni. Ekzosi haikuwa na katalisti. Kwenye mpira wa presha kulikuwa na kivalvu kidogo cha kurekebishia kwa mkono. Muuzaji hakuwa na karatasi yoyote ya programu ya injini, na aliponiambia kwamba alilinunua gari likiwa hivyo hivyo niliona hana sababu ya kudanganya, kwa sababu hakujua hata kile kivalvu ni cha nini.

Hapo ndipo palipokuwa na chanzo, kwa maoni yangu. Kompyuta hii hupima hewa kwa sensa iliyokaa ndani ya bomba la chujio, na hesabu yake inategemea upana wa bomba lile la kiwandani. Ukiweka bomba pana zaidi bila kubadilisha programu, hewa nyingi inapita na sensa inaona kidogo, kompyuta inatoa petroli kidogo kuliko inavyotakiwa, na mchanganyiko unakauka wakati ule ule ambao kivalvu kinaongeza presha. Mchanganyiko mkavu, presha ya juu na joto ni mazingira kamili ya detonesheni. Sikatai mabadiliko kwenye gari la kasi. Injini iliyobadilishwa na mtu anayejua, ikapimwa na kuandikiwa programu yake, naweza kuinunua mwenyewe. Inayonitia hofu ni ile yenye vipande vipya na hesabu za zamani.

Injini ikiwa bado ya moto na inaunguruma taratibu, nilifungua kifuniko cha kujazia oili. Pumzi kidogo ni ya kawaida kwa injini yoyote, maana hakuna ringi inayoziba kwa asilimia mia. Hii ilikuwa inapuliza kwa mapigo, kama mtu anayehema baada ya kupanda ngazi. Mpira unaotoka kwenye intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, nao ulikuwa na oili ndani, zaidi ya ule unyevu mwembamba ninaoutarajia.

Ndipo nikatoa plagi. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, kavu. Ya silinda ya nne, ile ya nyuma upande wa kushoto, ilikuwa na weusi wa oili kwenye nyuzi, na juu ya kauri yake nyeupe niliona kwa lenzi chembe ndogo zinazong'aa. Chembe hizo ni alumini. Kwenye chumba cha moto, alumini ya namna hiyo haina pa kutoka ila pistoni.

Kompresheni niliipima kama inavyotakiwa: injini ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekatwa, mlango wa hewa umefunguliwa kabisa, betri yenye nguvu, na idadi sawa ya mizunguko kwa kila silinda. Nilipata 145, 142, 146 na 130. Muuzaji aliziangalia akasema, "Fundi, hiyo ni tofauti ndogo." Na hakukosea sana. Wengi huchukulia tofauti ya asilimia kumi kati ya silinda kuwa mpaka wa kukubalika, na hii ilikuwa imeuvuka kwa kidogo tu, karibu asilimia kumi na moja. Karatasi ya zamani haikusema kama injini ilikuwa ya moto au baridi, wala kama mlango wa hewa ulifunguliwa. Namba isiyo na masharti yake huwezi kuilinganisha na nyingine.

Sasa nieleze kwa nini silinda yenye pistoni iliyopasuka inaweza kutoa namba inayokaribia nzuri. Stata inapozungusha injini, mgandamizo wote unatokea kwa haraka, na oili iliyojaa kwenye silinda mbovu inaziba mianya kwa muda mfupi huo. Uharibifu wenyewe ndio unaoleta oili, na oili ndiyo inayoupaka rangi uharibifu. Kuna mbinu ya zamani ya kumwaga oili kidogo kwenye silinda na kupima tena: namba ikipanda, ringi ndizo mbovu. Kwenye injini ya silinda zilizosimama mbinu hiyo ina maana. Kwenye injini hii oili inatiririka na kulala upande mmoja wa silinda, upande wa juu unabaki mkavu, na jibu linakuwa la kubahatisha. Sikuifanya, na simshauri mtu aifanye kwenye boksa, yaani injini ya silinda zilizolala kama hii.

Kipimo kilichoamua ni cha uvujaji wa hewa. Pistoni inapelekwa juu kabisa kwenye mgandamizo, vali zote zikiwa zimefungwa, krenki inashikiliwa isizunguke, kisha hewa ya psi 100 inaingizwa kupitia tundu la plagi na kifaa kinaonyesha ni asilimia ngapi inatoroka. Hapa stata haipo, kasi haipo, na oili haina muda mfupi wa kujifichia. Hewa inasukuma mfululizo mpaka ipate njia. Zaidi ya namba, unapata jambo ambalo kompresheni haikupi kamwe, nalo ni mahali. Hewa ikisikika kwenye bomba la ekzosi, vali ya kutolea haifungi. Ikisikika kwenye mlango wa hewa, ni vali ya kuingizia. Mapovu kwenye tangi la maji ni gasketi ya hedi. Ikitoka kwenye kifuniko cha oili, imepita kando ya pistoni.

Silinda ya kwanza ilipoteza asilimia 8, ya pili 9, ya tatu 7. Kwa injini yenye umri ule hizo ni namba nzuri sana na nilimwambia muuzaji hivyo. Ya nne ilipoteza asilimia 34, na hewa ilikuwa inavuma kwenye kifuniko cha oili bila kuhitaji kutega sikio.

Namba mbaya inastahili kutiliwa shaka zaidi ya nzuri, kwa sababu ndiyo itakayomgharimu mtu. Nilizungusha krenki, nikaipeleka pistoni juu upya, nikapima tena, ikawa 33. Nikachukua mpira na kiunganishi kilekile nikavirudisha silinda ya pili: 9. Kifaa kilikuwa sawa. Mlango wa hewa ulikuwa kimya, ekzosi kimya, maji yametulia. Vali na gasketi zikaondoka kwenye orodha ya watuhumiwa.

Ilibaki hoja moja ya kumtetea muuzaji, na niliichukulia kwa uzito. Ringi zinaweza kukwama kwenye mifereji yake kwa masizi na oili iliyoungua, na ringi zilizokwama hutoa dalili hizi hizi: oili inapungua, pumzi inatoka, uvujaji unaelekea chini. Tofauti ya tiba ni kubwa mno. Ringi zilizokwama mara nyingine huachia kwa kulowekwa dawa na kuendeshwa vizuri. Pistoni iliyopasuka haina dawa. Niliingiza kamera ndogo kupitia tundu la plagi. Juu ya pistoni, ukingo mmoja ulikuwa umeoshwa ukabaki chuma cheupe, pale oili inapopandia, na kwenye ukuta wa silinda, upande ule ule, kulikuwa na mikwaruzo miwili ya wima inayoshika mwanga. Silinda nyingine tatu zilikuwa na masizi sawasawa na kuta safi. Masizi hayakwaruzi chuma namna ile, wala hayaachi chembe za alumini kwenye plagi.

Kuhusu sehemu ya chini ya injini, yaani krenki na beringi zake, nilimwambia mnunuzi wazi kwamba kompresheni na uvujaji havigusi huko hata kidogo. Silinda zingeweza kuwa kamili huku beringi zikikaribia kufa. Njia ya kuchungulia huko bila kufungua injini ni kukata chujio la oili na kutandaza karatasi yake kutafuta chembe, au kupeleka sampuli ya oili maabara isomwe shaba, risasi na alumini iliyomo. Oili ya wiki tatu ina ushuhuda mchache. Muuzaji aliruhusu chujio likatwe, maana lilikuwa la kubadilishwa tu. Hatukuona rangi ya shaba. Tuliona vumbi la kijivu linalometameta, ambalo sumaku haikulivuta.

Nilichomwandikia mnunuzi kilikuwa kifupi: pistoni ya nne imevunjika au iko njiani kuvunjika, mkanda wa taimingi, maji, vali na bodi havina tatizo nililoliona, ukilinunua, linunue kama gari lisilo na injini, na ukishindwa kukubaliana kwa msingi huo, liache. Sikumwambia kwamba muuzaji ni mwongo. Mtu huyu alikaa nasi muda wote, aliruhusu kila kipimo, na alipoinama kusikiliza ile hewa kwenye kifuniko cha oili uso wake ulibadilika. Alikuwa analiendesha gari hilo kila siku na kulipenda.

Alikataa bei mpya siku ile, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, na akaenda kwa fundi wake. Injini ikashushwa na kufunguliwa. Baadaye alimtumia mnunuzi picha ya pistoni ya nne: kipande cha ukuta kati ya ringi ya kwanza na ya pili, kirefu kiasi cha ncha ya kidole, kilikuwa kimeachana na pistoni na kushikiliwa na ringi zenyewe. Wakakubaliana upya, gari likauzwa pamoja na injini iliyo kwenye vipande.

Mnunuzi aliniuliza kama inatosha kubadilisha pistoni moja. Haitoshi. Silinda iliyokwaruzwa inahitaji kupimwa na kusawazishwa upya, na zikibadilishwa pistoni zibadilishwe zote nne, za kufuliwa (metali iliyogandamizwa kwa nguvu) badala ya za kumimina iwapo presha itabaki juu ya ile ya kiwandani. Kipoza oili kitupwe, kiwekwe kipya, kwa sababu chembe za chuma zinakaa ndani ya vijia vyake na hakuna kuosha kunakozitoa zote. Kikirudishwa, kitazimwaga kwenye beringi mpya siku ya kwanza. Mirija ya oili inayokwenda kwenye tabo isafishwe, na zile bolti zake zenye vichujio vidogo ndani zikaguliwe, maana kichujio kilichoziba kinaua tabo kimyakimya. Bomba la kunyonyea oili ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, ambalo kwenye injini hizi hujulikana kwa kupata ufa, libadilishwe wakati sampu iko nje. Na kabla injini haijakanyagwa hata mara moja, lile bomba pana la hewa liandikiwe programu yake au chujio la kiwandani lirudishwe.

Alichagua kurudisha la kiwandani. Kile kivalvu cha presha akakitoa siku hiyo hiyo, kabla bloku haijapelekwa kusawazishwa.